Sauti Iliyomtangulia Mjumbe

Hapo zamani, wala si zamani ile ya sungura kusema na fisi kufunga harusi, ni zamani ya juzi tu, simu zimekwisha kuingia hata kwenye mifuko ya wachunga mbuzi, palikuwa na mji milimani wenye kabichi nyingi na ukungu mwingi. Mji huo ulikuwa na redio moja, Redio Ukungu, na redio hiyo ilikuwa na sauti moja ambayo watu waliiogopa na kuipenda kwa pamoja. Ilikuwa sauti ya Bi Nuruana Shekiondo. Kaeni vizuri mnisikilize, maana mwishoni nitawauliza, na sitaki mtu aje kuniambia alikuwa anachezea simu.

Kazi ya Bi Nuruana ilikuwa kusoma matangazo ya vifo. Kila jioni, taarifa ya habari ikiisha, zilipigwa beti mbili za kinanda na mji mzima ukanyamaza. Wauza nyama waliacha kukata, wanawake walipunguza moto jikoni, wazee walikohoa mapema ili wasije wakakohoa jina linapopita. Kisha ikaja sauti, nzito kidogo, isiyo na haraka: "Bwana fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mpendwa. Habari ziwafikie wanawe walioko Tanga, ndugu zake walioko Korogwe, na jamaa wote popote walipo." Likishatajwa jina la marehemu, Bi Nuruana alitua kidogo kabla ya kuendelea. Hakuna aliyemfundisha kutua huko. Watu wa mji ule walisema mtu hajafa mpaka Bi Nuruana ametua.

Lakini kabla ya kusoma alikuwa na sharti lake. Aliyeleta tangazo alisimama mbele ya meza, akatazamwa machoni, akaulizwa: "Mwenye msiba kashaambiwa?" Mwenye msiba ni yule aliye karibu kuliko wote: mama, mke, mtoto, ndugu wa tumbo moja. Huyo, kwa Bi Nuruana, hakupaswa kuusikia msiba wake kwenye kiredio cha betri huku anapepeta mchele. Alipaswa kuendewa. Aende mtu anayemjua, ampe kiti, amshike mkono, ndipo amwambie. Redio ni ya kuwaita walio mbali.

Siku moja alikuja bwana mmoja kutoka Kwembago, amelowa chapachapa, ameleta kifo cha kijana wa kaka yake.

"Mwenye msiba kashaambiwa?" akaulizwa.

Yule bwana akatazama dari. "Ameambiwa."

"Mama yake?"

"Ataambiwa tu, mama. Mimi nimetoka mbali. Wewe soma."

"Rudi Kwembago. Mketishe, mwambie, akishalia ndipo uje."

"Na mvua yote hii?"

"Mvua itakulowesha wewe. Tangazo litamwangusha yeye."

Akarudi huku analaani redio na ukoo wa mwenye redio. Jioni kinanda kikapigwa, matangazo mengine yakasomwa, la Kwembago halikusomwa. Lilisomwa kesho yake, mama ameshakaa kitako na wenzake wamemzunguka. Mwenye redio, Mzee Kihiyo, mtu aliyejipatia mali kwa kupasua mbao, alinung'unika wiki nzima kwamba redio yake imegeuzwa baraza la mtu mmoja. Hakumgusa lakini. Wenye maduka ya mbegu na ya bati walikuwa wakigombania matangazo yao ya biashara yawe karibu na ya Bi Nuruana, kwa sababu hiyo ndiyo saa ambayo hakuna redio iliyozimwa.

Nyumbani Bi Nuruana alikuwa mjane asiye na mtoto. Aliyebaki kwao ni mdogo wake, Eliwaza, ambaye yeye ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Eliwaza aliolewa ng'ambo ya mlima, kijiji cha Kwemkole, na mkulima wa kabichi aitwaye Singano, wakapata watoto wawili. Kila jioni Eliwaza alisikiliza matangazo mpaka mwisho, kisha akampigia dada yake simu kumtania.

"Yule mzee wa Korogwe leo umemsoma mbio. Ulikuwa na njaa?"

"Nilikuwa na mafua."

"Dada, siku yangu ikifika usinisome wewe. Utalia, utaniharibia tangazo."

"Nani kakwambia utatangulia? Lala huko."

Walicheka, wakakata simu. Hivyo ndivyo siku zao zilivyokwisha, jioni kwa jioni.

Sasa akaja Ombeni Mrutu.

Ombeni alikuwa kijana wa hapohapo mjini, aliyesomea mambo ya kompyuta Dar es Salaam na kurudi na mkoba mgongoni na maneno mengi mdomoni. Alifungua kampuni changa, akaiita Tupashane. Ukiwa na simu unaingia, unaandika lako, mji mzima unalipata hapohapo. Ng'ombe kapotea, Tupashane. Kabichi zimeshuka bei, Tupashane. Harusi, ubarikio, kiwanja kinauzwa, fundi amekimbia na milango ya mtu, Tupashane. Bure kabisa. Watu wakapenda, na kwa nini wasipende? Mwanzoni hata mimi ningependa.

Mwenye duka la bati akahama. Mwenye mbegu akahama. Mwenye duka la mbolea akamwambia Mzee Kihiyo bila haya kwamba redio haimwambii ni watu wangapi wamemsikia, Tupashane inamwambia. Mwandishi wa redio aliyekuwa akizunguka mabondeni kutafuta habari akaambiwa apumzike, akapumzika moja kwa moja. Mtangazaji wa michezo akaenda kuuza viatu. Mnara ukabaki umesimama mlimani, chini yake studio ina maikrofoni moja na Bi Nuruana. Kila mtu mjini alilisikitikia jambo hilo, na alilisikitikia ndani ya Tupashane. Hapo ndipo hasira zangu zinapoanza, ila tuendelee.

Kabla mambo hayajafika huko, Ombeni alikuja kibarazani kwa Bi Nuruana. Alikuja na adabu zote, akavua kofia, akapewa chai ya tangawizi.

"Mama, mimi ni mwanafunzi wako. Nifundishe kazi. Tangazo la kifo lina utaratibu gani?"

Bi Nuruana alifurahi. Tuseme ukweli, ni nani mwingine aliyewahi kumuuliza? Akamwelekeza yote: jina la mtangazaji linatangulia, la marehemu linafuata, hapo unatua, kisha jamaa kwa mpangilio wa udugu na si wa vyeo. Akamwambia na sharti lake: "Hilo swali usilisahau. Ukilisahau utaua watu."

"Sitalisahau, mama," alisema Ombeni, na kweli hakulisahau. Hilo nalo lishikeni.

Haukupita muda Mzee Kihiyo akamwita Bi Nuruana ofisini, akampa soda na saa ya ukutani iliyofungwa kwa karatasi ya maua, akamshukuru kwa utumishi. Matangazo ya vifo, akasema, sasa yanakwenda Tupashane. Redio itabaki na nyimbo za kwaya. Bi Nuruana hakunywa ile soda. Aliibeba saa kwapani mpaka nyumbani, akaiweka chini ya kitanda pamoja na karatasi yake.

Siku chache baadaye alikuwa anachambua maharage, akasikia kinanda kwa jirani. Beti mbili zilezile. Kisha akasikia sauti yake mwenyewe.

Ilikuwa inasoma kifo cha mtu asiyemjua, wa kijiji ambacho hakuwahi kukisoma. Ikatamka jina. Ikatua palepale anapotua yeye. Bi Nuruana aliweka ungo chini akajishika mdomo, kuhakikisha kuwa umefumba.

Akaenda mbio ofisini kwa Ombeni, mahali penye viti vya rangirangi na vijana waliovaa vipokea sauti masikioni.

"Hiyo ni sauti yangu."

"Ni yako, mama," akajibu Ombeni, wala hakubisha. "Tulizinunua kanda za miaka yako yote kwa Mzee Kihiyo, tukailisha akili mnemba, ikajifunza. Tulijaribu kwanza sauti ya dada mmoja wa Dar es Salaam, watu wakaikataa. Walisema huyo hawezi kumzika mtu. Wakakutaka wewe. Kila siku wananiandikia, wanakutaka wewe."

"Ungeniuliza."

"Mzee alisema kanda ni za redio."

"Itoe."

"Nitalifikiria, mama. Ila fikiria na wewe. Unataka wazikwe kwa sauti ya nani?"

Bi Nuruana aliondoka na hasira zake, lakini sokoni wakamsimamisha. Muuza nyanya: "Tumekusikia jana, mama, ulimsoma vizuri marehemu." Mwalimu wa kwaya: "Sauti haichuji." Naye kila mara alifungua kinywa aseme si yeye, na kila mara akajikuta amesema asante. Hakurudi tena ofisini kwa Ombeni. Alijiambia atarudi wiki ijayo, na wiki ijayo ikaja na kupita.

Basi ikaja masika, na barabara ya Kwemkole ikaanza kumeguka kama inavyomeguka kila masika.

Asubuhi moja Bi Nuruana alikuwa mashineni, kwenye foleni ya kusaga, debe lake la mahindi miguuni. Mashine inanguruma, wanawake wanazungumza kwa kupaza sauti, na simu ya mwenye mashine imening'inizwa msumarini, imeachwa wazi kwenye Tupashane kama ilivyo kwenye maduka yote. Kinanda kikalia. Mwenye mashine, kwa mazoea, akazima mtambo ili watu wasikie. Sauti ya Bi Nuruana ikasema:

"Bwana Singano Shemboko wa Kwemkole anasikitika kutangaza kifo cha mke wake mpendwa, Eliwaza."

Ikatua.

Ikatua vizuri. Haikutetemeka, haikukohoa, haikuwa na mafua. Ikaendelea: "Kilichotokea ghafla leo alfajiri hospitalini. Habari ziwafikie wakwe zake walioko Mombo, shangazi yake Bi Nakunda aliyeko Korogwe, na dada wa marehemu, Bi Nuruana Shekiondo, popote alipo."

Popote alipo alikuwa pale, mashineni, mbele ya wanawake ambao sasa wote wamegeuka kumtazama, hakuna aliyejua aanzie wapi kumshika. Na kabla hajakaa chini, sauti ileile, yake, ikaanza kusifu mbolea ya kukuzia. Duka la mbolea lilikuwa limelipia nafasi iliyo karibu na matangazo ya vifo, kama zamani.

"Zima," alisema Bi Nuruana. Akaenda chini na debe lake, mahindi yakatawanyika sakafuni.

Alikuwa bado amekaa kwenye vumbi la unga, wanawake wanampepea kwa khanga, pikipiki ilipofika mlangoni. Aliyeshuka ni Yona, mdogo wake Singano, matope mpaka kiunoni, anahema. Alikuwa ametumwa alfajiri kuja kumketisha na kumwambia. Barabara ilikuwa imekatika, akaivusha pikipiki kwa kuibeba yeye na wapita njia. Alipoona ile hali aliegemea ukuta akalia kama mtoto, maana ujumbe aliobeba njia nzima haukuwa na kazi tena.

Eliwaza akazikwa. Hilo sitalisimulia. Mtu aliyewahi kuzika mdogo wake analijua, na ambaye hajawahi, sitaki alijue kwangu.

Ukoo wa Shekiondo una desturi yake siku ya kuvunja matanga. Kabla ya chakula cha mwisho, ndugu wa karibu wa marehemu anashika jagi na beseni, anawanawisha wageni mmoja mmoja, ndipo wanakula sinia moja. Iwapo kuna aliyewakosea wafiwa katika msiba ule, anarukwa. Mikono yake inabaki mikavu. Hatatukanwa wala hatapigwa, ila ataondoka bila kula, na nyumba ile hataingia tena, yeye wala watu wake, wala watu wa nyumba hiyo hawatamwendea, mpaka siku ukoo utakapomwita. Na siku hiyo inaweza isifike.

Shangazi Nakunda, aliyekuwa mkubwa wa ukoo, alimwita Bi Nuruana pembeni na kumpa jagi.

"Nimesikia unataka kuwaruka wote watatu, Singano, Ombeni na Mzee Kihiyo. Haiwezekani, mwanangu. Ukiruka wote, huo si uamuzi, ni hasira. Ruka mmoja."

"Na nisiporuka hata mmoja?"

"Utakuwa umesema hukukosewa."

"Nimekosewa, shangazi."

"Basi waache waseme, halafu umwage maji."

Wakakaa jamvini nyumbani kwa Bi Nuruana, mchana, mvua imekatika, wali umeshapakuliwa. Wa kwanza kusema alikuwa Singano, mfiwa mwenyewe, macho yamevimba, watoto wawili wamemwegemea.

"Shemeji, mimi nilimtuma Yona kwanza. Kabla sijaigusa simu nilimwambia, nenda kwa shemeji, mketishe. Ndipo nikaandika tangazo, ili watu wa Mombo na Korogwe wapate muda wa kusafiri. Tangu nazaliwa tangazo la kifo unalipeleka asubuhi, linasomwa jioni. Nilijua ni jioni. Nilijua Yona atafika kabla ya jioni, hata akitambaa. Mimi nitajuaje kwamba siku hizi linasomwa hapohapo? Sijawahi kutangaza kifo kwenye kile kitu. Nani kati yenu alikuwa amenifundisha?"

"Simu ilikuuliza," alisema Bi Nuruana. "Ilikuuliza kama mwenye msiba kashaambiwa."

"Iliuliza."

"Ukasema nini?"

"Nilibofya ndiyo." Singano akainamisha kichwa. "Mjumbe alikuwa njiani. Kwangu mimi, mjumbe akishatoka ni kama amefika. Ningebofya nini? Palikuwa na ndiyo na hapana tu. Hapakuwa na mahali pa kusema yuko njiani."

Watu wakaguna. Bi Nuruana alimtazama shemeji yake na hasira ikampanda, kisha akawatazama wale watoto, mmoja ana paji la uso la Eliwaza, ikashuka. Akimruka Singano, watoto hao hawatakanyaga kwa mama yao mkubwa.

Wa pili akasema Ombeni. Alikuja mwenyewe bila kuitwa, hilo tumpe. Hakuwa na mkoba.

"Mama, ulinipa sharti moja na nililitimiza. Niliweka swali lako kama ulivyolisema, neno kwa neno. Wenzangu walitaka tuliondoe, walisema linachelewesha watu. Nikakataa. Nikasema hili ni la Bi Nuruana, halitoki. Sasa mtu akiulizwa akajibu ndiyo, kosa liko kwa aliyeuliza?"

Hapo Bi Nuruana alisimama.

"Mimi nilikuwa nauliza huku nawatazama. Wakitazama dari, nilijua. Wakijikuna, nilijua. Yule wa Kwembago aliniambia ameambiwa, nikamrudisha kwenye mvua. Swali ni hilo tu unafikiri? Wewe umechukua maneno ukaacha macho. Umeweka kidude mtu anabofya na kamasi zinamtoka, mke wake hajapoa, halafu unasema umeuliza. Hukuuliza. Umejikinga."

"Mama, siwezi kumtazama kila mtu machoni. Wako maelfu."

"Basi usiwasomee vifo vyao. Na usiwasomee kwa mdomo wangu."

Ombeni akasema polepole, "Mwaka jana tangazo letu lilimfikia baharia aliyekuwa Pemba, akawahi kumzika baba yake. Redio isingemfikia. Hilo nalo ni langu, au langu ni baya tu?"

Kilichokuwa kwenye akili za wengi ni kwamba Ombeni ndiye pekee anayeweza kuifuta ile sauti, na mtu aliyefukuzwa jamvini huwa hana haraka ya kukufanyia jambo. Wengine walikuwa wanafikiri kwamba mtu aliyenawishwa naye huwa hana haraka.

Wa tatu akasema Mzee Kihiyo. Alikuwa amekaa kwenye kiti, kwa sababu ya magoti, na alikuwa na hasira kuliko wote.

"Naona nimeletwa hapa kama mwizi. Nani alijenga mnara? Nani alilipa mafuta ya jenereta umeme ukikatika, ili marehemu zenu wasomwe? Mimi. Mlipohamia kwenye simu, mlinishauri? Hamkunishauri. Mliondoka kimyakimya, mkaniachia mlima na chuma juu yake. Kule mabondeni kuna wazee wasio na simu wala chaji. Kwaya wanayosikiliza asubuhi inatoka kwangu, na inatoka kwa sababu niliuza zile kanda. Ningefunga, mngefurahi?"

"Uliuza sauti yangu, Mzee Kihiyo. Hukuniuliza."

"Nilikulipa mshahara kwa kila neno."

"Ulinilipa nisome waliokufa wakati ule. Hukunilipa nimsome mdogo wangu."

Mzee Kihiyo alikunja midomo, akamnyooshea fimbo. "Haya. Na wewe nikuulize. Sauti ilipoanza kutoka kwenye simu za watu, ulikwenda kwa huyu kijana mara moja tu, hukurudi. Kwangu ulikuja? Hukuja. Wachungaji wa makanisa uliwaambia? Hukuwaambia. Sokoni wakikwambia, mama tumekusikia jana, ulikuwa unawajibu nini?"

Wanawake wengi waliokuwa pale walikuwa wa sokoni, na walijua alichokuwa akijibu.

Bi Nuruana naye alijua. Alimchukia yule mzee kwa kulisema, na alimchukia zaidi kwa sababu lilikuwa kweli. Alikumbuka Eliwaza akimwambia usinisome wewe, utalia, utaniharibia tangazo. Tangazo halikuharibika. Lilisomwa vizuri kuliko yote, na yeye angetoa chochote liwe limeharibika, liwe limesomwa na mtu analia.

"Nilikuwa nasema asante," akasema. "Nalo ni langu, nitalibeba. Lakini jagi nimeshika mimi, na leo nawanawisha ninyi."

Shangazi Nakunda akatikisa kichwa kuridhia. Akawaambia wale watatu wasogee mbele. Wakasogea: Singano na mikono yake ya kulimia, kucha zina udongo wa kaburi; Ombeni na mikono yake laini; Mzee Kihiyo na mikono iliyokosa kidole kimoja kilichobaki kwenye msumeno wa mbao. Wakainyoosha juu ya beseni. Watu wakasimama ili waone.

Bi Nuruana akainua jagi.

Ndipo kule nyuma, mfukoni mwa koti la mtu aliyesahau kuzima simu, kinanda kikalia. Beti mbili. Mtu yule akapapasa mfuko, asipate kitufe. Na sauti ya Bi Nuruana, tulivu, isiyojua kitu, ikasema mbele ya Bi Nuruana mwenyewe kwamba fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha mpwa wake mpendwa. Ikataja jina la kijana. Ikatua. Ikasema habari zimfikie mama wa marehemu, popote alipo.

Hakuna pale jamvini aliyejua huyo mama yuko wapi. Pengine alikuwa ameketishwa na watu wake. Pengine alikuwa kwenye foleni ya mashine. Ombeni alishtuka na kutazama chini. Mzee Kihiyo akafumba macho. Singano akaanza kulia upya. Lakini hakuna kati yao aliyeondoa mikono, na maji yalikuwa yameshafika mdomoni mwa jagi.

Aliwanawisha wawili, akamruka mmoja, na huyo mmoja aliondoka bila kula. Ni nani, mimi ninajua na sisemi, kwa sababu mkishajua mtaacha kufikiri, mtaanza kuchagua upande na kutukanana humo kwenye simu zenu. Na msinitazame kana kwamba hamkuwapo. Mwenye duka la bati alikuwa mjomba wa mtu hapa. Simu iliyolia mfukoni ilikuwa ya mtu hapa.

Basi amueni. Mmoja alibofya ndiyo wakati mjumbe yuko njiani. Mmoja aliuliza bila kutazama. Mmoja aliuza kilichokuwa kooni mwa mwenzake ili mnara usianguke. Jibu lenu msinibofyee, semeni kwa mdomo, mmoja mmoja, niwaone macho. Je, mikono ya nani ilistahili kubaki mikavu?